Msemaji wa Watu

Alhamisi, 8 Februari

Daftari hili nimepewa na Lisette, yule binti mwenye miwani anayesikiliza watu wenye mizigo ya moyo katika chumba kimoja cha parokia kule Mutakura. Amesema niandike kila siku, hata mstari mmoja, mpaka mvua ziishe. Nikamuuliza, "Mademoiselle, na nikikosa la kuandika?" Akasema, "We, papa Birindwa? Ukose neno?" Watu wote wakacheka. Kumbe sifa zangu zimevuka mtaa wetu wa Bwiza.

Haya, nijitambulishe, ingawa natumaini hakuna atakayesoma. Mimi ni Birindwa, miaka hamsini na tisa, mzaliwa wa Uvira, fundi wa cherehani, mjane. Nakaa Bwiza kwa dada yangu mdogo Dorothée, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Ni yeye aliyenileta kwa Lisette. Mwezi wa kumi na mbili nilitoka kwenye karamu huko Buterere, nikaanguka mtaroni, nikapasuka kichwa. Wakulima wa mpunga ndio walioniokota. Nilipofungua macho Dorothée alikuwa amesimama juu yangu na ndoo yake ya samaki kichwani. "Yaya," ndivyo anavyoniita mimi kaka yake, "chagua. Ao unaenda kwa ule mama wa Mutakura kila Alhamisi, ao unatafuta nyumba ingine." Nikachagua Alhamisi.

Lakini si cherehani zilizonipa jina mjini. Mimi ni msemaji. Kwetu familia ikienda kuposa haijisemei. Baba wa binti anakaa kwenye kiti chake kimya, baba wa kijana kwenye chake kimya, na wasemaji wawili wanasimama katikati wanatupiana maneno: tumekuja kutafuta ua, ua gani, kwetu hakuna bustani, na kadhalika, mpaka watu wavunjike mbavu na vinywaji vifunguliwe. Miaka ishirini na saba nimewaposea watu wake zao. Nusu ya watoto wa Bwiza wamezaliwa kwa sababu ya ulimi wangu, nasema bila kujisifu. Au nikijisifu kidogo.

Ijumaa, 9 Februari

Mvua. Sikunywa.

Jumatatu, 12 Februari

Mvua. Nimetengeneza mashine ya mama mmoja, ya kukanyaga kwa mguu, ya zamani sana. Harufu ya mafuta yake ilinirudisha Uvira, kwenye baraza yetu, marehemu mke wangu Scholastique anashona na mimi nafungua kopo la vifungo kutafuta kimoja. Sikunywa, lakini nilitamani.

Alhamisi, 15 Februari

Kikundi chetu ni watu sita. Leo alisema mwanamke mmoja, Asiya, muuza vitenge, wa familia ya Waislamu wa zamani kabisa wa mji huu. Alisema alimchoma mwanawe wa miaka saba mkononi kwa mwiko uliotoka motoni. Mume alikuwa amemwacha, mtoto alimwaga mchele, basi. Akaanza kulia.

Mimi sikuweza kuvumilia kilio kile. Nikasimama. Nikasema, "Ndugu zangu, mama huyu ni kama mti uliopigwa na radi, nani atauliza mti kwa nini umeungua?" Nilikuwa naanza kupata moto wakati Lisette aliponyanyua mkono. "Papa, asante. Lakini hapa hakuna musemaji. Kila mutu na kinywa yake." Mtoto wa juzi, ananikata neno!

Na ukweli ni kwamba nilikuwa nasema vizuri tu kwa mazoea. Moyoni nilimchukia yule mwanamke. Mama anayechoma mtoto! Nilivuta kiti changu kidogo mbali naye.

Alhamisi, 22 Februari

Zamu yangu. Nilisimulia habari ya binti yangu Huguette, mtoto wangu pekee.

Miaka sita iliyopita mama yake Scholastique alifariki. Huguette akanyamaza. Miezi minane hakusema neno, anakaa anaangalia ukuta, mpaka tukampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, na kwa neema ya Mungu akapona kabisa. Ilibaki siri ya nyumba. Miaka mitatu iliyopita akaja kuposwa na familia ya kijana mmoja, Trésor. Msemaji wetu alikuwa rafiki yangu Honoré, maana mimi nilikuwa baba, na kinyozi hajinyoi. Katikati ya sherehe nikasimama, nikachukua neno, na wanasema nilitangaza mbele ya wote kwamba binti yangu aliwahi kuwa na wazimu. Watu wa Trésor hawakugomba. Waliziba chupa zao kwa viganja, wakasema, "Tutarudi siku ingine," wakatoka mmoja mmoja. Kwetu hiyo ndiyo namna ya kusema hapana. Huguette alihamia Mutakura, akafungua saluni yake, na tangu siku ile hajaniita baba.

"Unakumbuka ulichosema?" Lisette akauliza.

"Sikumbuki hata kidogo. Ilikuwa pombe."

Akasema kushikwa na pombe si dhambi ambayo mtu anaamka asubuhi anaichagua, na kwamba pale hakuna atakayenihukumu. Nilitoka nikiwa mwepesi. Njiani nilikuwa naimba.

Jumamosi, 24 Februari

Nimewaambia Dorothée, Honoré, muuza sukari na mchungaji: mtaalamu amesema si kosa langu. Dorothée alikuwa anapepeta ndagala. Alisema, "Ego, yaya," yaani ndiyo, kwa sauti ile anayowapa wateja wanaosema watalipa kesho.

Jumapili, 3 Machi

Dorothée ametoka kanisani na habari. Huguette amepata mtu. Anaitwa Sébastien, fundi wa umeme. Posa itakuwa Jumamosi, tarehe 11 ya mwezi wa tano, pale pale Mutakura.

Kuna kiti cha baba siku hiyo. Nimekaa kitandani namfikiria mtu atakayekikalia.

Jumanne, 5 Machi

Huguette alipokuwa na miaka saba, nilikuwa naenda naye kwenye posa za watu. Anakaa chini ya meza ya vinywaji, anakula njugu. Tukirudi nyumbani anapanda juu ya kigoda na kurudia maneno yangu yote, na kikohozi changu pia. Scholastique anakuwa familia ya pili, amesimama na kitambaa cha sufuria begani: "Kwetu hakuna ua, mmepotea njia!" Na Huguette anajibu, "Njia haipotei, mama, ni sisi tunapotea!" Hakuna aliyemfundisha hilo. Nililiiba, nikalitumia kwenye posa ya watu wa Buterere, likapigiwa makofi. Nilirudi nikamwambia, naye akaniambia nimletee pipi kwa sababu neno ni lake.

Jamani, tulicheka sana katika nyumba ile. Sijui kama kuna mtu anacheka hivyo siku hizi.

Jumatatu, 11 Machi

Wenzetu Waislamu wameanza mfungo. Bwiza imetulia mchana.

Jumamosi, 16 Machi

Siku kubwa! Nimefanya kama desturi inavyotaka. Mtu akikosa, haendi peke yake kama mwizi, anakwenda na wazee. Nilimwomba Honoré, na wazee wawili wa kanisa, tukabeba kreti mbili za soda, tukaenda Mutakura kwa Huguette. Mimi nilikaa katikati yao, kichwa chini, kimya.

Honoré alisema. Mungu wangu, alisema! Alianza na mto unaofurika, akaja kwa kuku anayefunika vifaranga, akamalizia na "maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtungi haujavunjika." Mzee mmoja alifuta macho. Huguette amekonda kidogo usoni, anafanana na mama yake kuliko zamani. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. Kisha akasema, "Nimesikia, wazee wangu. Nimesamehe. Mukunywe soda." Akatuhudumia sote, na mimi pia, kwa mikono miwili.

Nililia njia nzima. Honoré ameniambia hajawahi kusema vizuri hivyo tangu posa ya mwanawe.

Jumatatu, 18 Machi

Dorothée alikwenda kumwona Huguette, karudi na maneno, akayasema bila kuyapamba: "Amesema posa ni tarehe kumi na moja, na we usikuye."

Nikamwambia, "Nisije? Lakini amenisamehe mbele ya wazee!"

"Yaya, ungekuwa mahali pake, ungewaambia wazee watatu nini? Ungewafukuza na soda yao?"

Alhamisi, 21 Machi

Nimegombana na Lisette. Nilimweleza yote, wazee, soda, maneno ya Honoré, na jinsi binti yangu alivyo na moyo wa jiwe. Alinisikiliza na kichwa upande. Kisha:

"Nani aliomba samahani?"

"Honoré. Kwa niaba yangu."

"Na nani alisema yale maneno siku ya posa? Honoré?"

"Pombe!"

"Papa Birindwa, pombe ilisimama, ikachukua neno?"

Nikasimama mimi. Nikamwambia, wewe mwenyewe mbele ya hawa watu ulisema si kosa langu. Akasema, hakupandisha sauti hata kidogo, "Nilisema sikuhukumu. Sikusema haukufanya. Nikisema haukufanya, nitakuwa nimekufukuza hapa, maana nani tutamusaidia?"

Nikamjibu kwamba yeye hana mtoto, hajui kitu, na chumba chake kinanuka chaki. Nikatoka. Mvua ilikuwa inanyesha vibaya. Nimekunywa.

Ijumaa, 22 Machi

Nimekunywa.

Jumatatu, 25 Machi

Nimekunywa. Kosa ni la Lisette.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Nilikwenda kanisani nikakaa nyuma, kwa sababu ya harufu ya pombe. Kwaya iliimba wimbo aliokuwa anaongoza Scholastique, na aliyeongoza leo alianza juu sana, akaishia kukwaruza. Scholastique alikuwa anaanza chini, kama mtu anayeteremka kwenye maji baridi. Nilimkumbuka mpaka nikaumwa kifua.

Alikuwa na tabia moja. Nikitoka kwenye posa na sifa zangu zote, ananivua viatu halafu ananiuliza: "Na leo, kwa watu wote uliowasemea, we mwenyewe ulisema nini?" Nilidhani ni utani wa mke. Siku zote nilimjibu kwa utani.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua haikatiki. Wanasema Buterere maji yameingia majumbani, watu wamepanda huku mjini na magodoro vichwani.

Nimekutana na Asiya kwenye vitenge vyake, hapa Bwiza. Nilitaka kupita upande wa pili, akaniita. Midomo ilikuwa imemkauka kwa funga. "Papa, kiti yako iko pale. Hakuna mutu anaikaliaga." Nikasema nina kazi nyingi. Akaniangalia, akasema, "Mi pia nilikuwa na kazi mingi," akageuka kupima kitambaa cha mteja.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimerudi. Lisette alisema, "Karibu, papa," tu. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ya kuomba radhi, ikabaki mfukoni.

Asiya alisema leo. Alisema Jumapili alimkalisha mwanawe, akamshika mkono wenye kovu, akamwambia: "Mi njo nilikuchoma, ni mi. Si mwiko. Si baba yako sababu alituacha. Mi." Mtoto akamuuliza, "Utanichoma tena?" Akamwambia, "Nikisikia hasira inapanda, nitatoka inje, nitaenda kwa jirani, mama Sumaya, mupaka ishuke. Ukiona natoka, ujue ni sababu ya ile hasira." Na Jumatatu alitoka, mara mbili, mara ya pili na unga mikononi.

Nilimtazama Lisette, nangoja amfariji, amwambie mama, ulikuwa na shida, haukuwa wewe. Hakumwambia. Wala hakumkemea. Alimuuliza tu, "Ile mara ya pili, mama Sumaya alikupatia nini?" Asiya akacheka na machozi yake: "Alinipatia mutoto yake nimubebe!" Tukacheka wote.

Mimi niliyevuta kiti changu mbali na mwanamke huyu nimeona aibu. Yeye ana ujasiri ambao mimi sikuwahi kuwa nao mbele ya mikutano ya watu mia mbili. Nimekirudisha kiti.

Jumatano, 10 Aprili

Idd. Pilau imetoka kwa majirani pande tatu. Dorothée anasema laiti mfungo wao ungekuwa kila mwezi. Sikunywa, siku ya tisa.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo nimesema. Nitaandika kama nilivyosema, kabla sijaanza kuyapamba.

Nakumbuka yote. Miaka mitatu nimewaambia watu kwamba sikumbuki, na ni uongo. Siku ile nilikunywa chupa mbili za bia. Kwa mtu kama mimi chupa mbili ni chai ya asubuhi. Baadaye, walipokwisha kuondoka, ndipo nilipokunywa mpaka nikabebwa, na watu wakachanganya saa, nami nikawaacha wachanganye.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha baba, kimya, kama inavyotakiwa. Honoré alikuwa anasema kwa ajili ya nyumba yangu, na alisema vizuri kuliko mimi. Watu walimpigia makofi. Hakuna aliyenitazama. Nikawaza: ni nani aliyemlea huyu binti? Nani aliyekaa naye miezi minane akimlisha kwa kijiko? Nani aliyeuza cherehani zake mbili nzuri ili atibiwe? Na hakuna atakayejua, kwa sababu ni siri! Nilitaka wanipigie mimi makofi. Hiyo ndiyo sababu yote. Nikasimama, nikakohoa kile kikohozi changu, nikasema: "Ua hili mnalosifu, mushukuru mimi. Ni mi nililitoa kwenye wazimu."

Nililiona neno kabla halijatoka. Nilijua ni la nani. Nikalitoa. Hata nilisubiri kidogo baada yake, kama tunavyosubiri kicheko.

Lisette hakuniambia si kosa langu, na safari hii ningemchukia kama angesema. Hakuniambia pia kwamba ni kosa langu, maana hilo nilikuwa nimekwisha kulisema. Aliuliza, "Nani mwingine anajua?" Nikasema hakuna. Akauliza, "Na utafanya nini na hii kitu, papa?" Asiya alikuwa ameleta maandazi ya Idd kwenye kitambaa. Alikisogeza mpaka kikagusa goti langu. Nilikula mawili, nalia, sukari ikiniangukia ndevuni. Mzee mzima.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Sikunywa. Sikulala vizuri.

Jumanne, 16 Aprili

Honoré amekuja kunisalimia. Amesema ana maneno mapya, bora kuliko ya kwanza, twende tena kwa Huguette. Nimemshukuru, nimemwambia hapana. Akaudhika: "Utaenda peke yako sawa na mutu hana watu?" Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimekwenda Mutakura kwa miguu, maana petroli hakuna na mabasi yamejipanga kituoni bila kwenda. Njia nzima nilikuwa natengeneza sentensi na kuzitupa.

Saluni ya Huguette ni chumba kimoja cha bluu. Alikuwa anasuka mwanamke mmoja, nusu ya kichwa imekwisha. Aliniona kwenye kioo. Mikono yake haikusimama.

"Karibu. Kaa pale," akasema, kama anavyowaambia wateja.

Sikukaa. Nikaanza: "Binti yangu, wahenga walisema..."

"Apana maneno ya posa."

Miaka ishirini na saba nimesimama mbele ya watu, na hapa sikujua hata nianze na jina la nani. Mwanamke anayesukwa alijaribu kuinuka, Huguette akamkandamiza bega: "We kaa, mama, kichwa yako haijaisha."

Basi nikasema. "Huguette, siku ile sikulewa. Nilikunywa chupa mbili. Nilijua ninachosema, nilijua ni siri yako. Nilikuwa nawaonea wivu wote, Honoré na hata wewe, kwa sababu watu walikuwa wanakuangalia. Nilitaka wanisifu kwa kukuponya, na nikachukua ugonjwa wako nikautumia. Halafu nikasema sikumbuki. Nakumbuka. Ni mi nilifanya."

Hapo mikono yake ilisimama. Alishika msuko mmoja katikati, hakuumaliza wala hakuuachia.

"Nilikuwa najua," akasema. "Ni mi nilikuwa napeleka vinywaji ile siku. Nilikupelekea mbili. Ya tatu nilikuwa nayo kwa mukono wakati ulisimama."

Akanigeukia.

"Miaka tatu, baba. Miaka tatu watu wote wananiambia, mwachie, ni pombe, baba yako mugonjwa. Mi njo nilionekana mubaya, mutoto anakatalia baba yake mugonjwa. Tantine Dorothée, wachungaji, muzee Honoré na kuku yake na vifaranga. Na mi peke yangu njo niko na zile chupa mbili kwa kichwa. Kuna siku nilianza kujiuliza, labda kichwa yangu imerudia kugonjwa, labda nilihesabu vibaya."

Hilo ndilo lililonipiga. Nilidhani nilimdhuru siku moja. Kumbe uongo wangu ulikuwa ukimdhuru kila siku, na kila aliyenihurumia alikuwa akinisaidia kumdhuru.

"Haukuhesabu vibaya," nikasema. "Ulihesabu vizuri."

Alilia kidogo, akiwa amesimama, na mteja wake akampa ncha ya kitenge chake bila kugeuka. Mvua ilipiga mabati kwa muda, ikapungua. Kisha akaniuliza ninaomba nini. Nilikuja na ombi, kweli, nilitaka kiti. Lakini nilipofungua kinywa nikaona kwamba nikiomba sasa, yote niliyosema yatakuwa utangulizi wa posa. Nikasema, "Siombi kitu."

Akamaliza msuko ule. "Kwa kiti ya baba atakaa mjomba Fortunat. Nilishamuambia." Fortunat ni kaka wa marehemu mama yake.

"Ni sawa."

"Sijasamehe. Nilisema vile sababu ya wazee."

"Nilielewa. Nimechelewa, lakini nilielewa."

Nilikuwa mlangoni aliposema tena, akiangalia kichwa cha mteja: "Ile siku wamama watahitaji mutu wa kumenya ndizi. Saa moja asubuhi. Usikunywe."

Alhamisi, 25 Aprili

Nimewaambia kikundini. Lisette alivua miwani akaifuta. Nikamwambia, "Mademoiselle, chumba chako hakinuki chaki." Akasema, "Inanuka, papa." Ni mtoto mzuri. Nadhani angependana sana na Scholastique.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua kidogo tu. Sikunywa.

Alhamisi, 9 Mei

Jua.

Jumamosi, 11 Mei

Nilifika kabla ya saa moja. Nyuma ya nyumba kulikuwa na masufuria makubwa ya sherehe, moshi, wanawake saba, na mlima wa ndizi mbichi. Dorothée alinipa kisu na kigoda bila salamu. Ndizi za kupika zina utomvu mweusi, ukishika vidole hautoki kwa sabuni wala kwa majivu. Mpaka saa tano mikono yangu ilikuwa imefanana na ya fundi gari.

Wageni wakafika. Kutoka jikoni sikuona kitu, lakini nilisikia yote. Honoré alianza vizuri, halafu akakosea kwenye habari ya mbegu, akaruka jibu ambalo lingewaangusha watu chini kwa kicheko. Lilinifika ulimini. Nikameza, nikachukua ndizi nyingine. Wanawake walinitazama wakachekeana. Nilimkumbuka mtoto chini ya meza ya vinywaji, na mama yake na kitambaa begani, nikatamani mtu wa kumwambia lile jibu. Nililiambia ndizi.

Ndipo msemaji wa upande wa pili akauliza, kwa heshima zote, kwamba wanamwona mjomba kwenye kiti, lakini wamesikia baba yu hai, wangependa kumsalimia. Honoré, kwa wema wake, akasema, "Baba yetu, bahati mbaya, yuko safarini Kongo." Niliinamisha kichwa. Ulikuwa uongo mzuri, ungeniokoa mbele ya watu wote, na mimi mwenyewe ningeutunga hivyo hivyo.

Binti anayeposwa hasemi. Anafichwa chumbani mpaka aitwe. Lakini nilisikia mlango, halafu sauti ya Huguette, mbele ya wazee wa familia mbili:

"Apana, muzee Honoré. Baba yangu hakusafiri. Iko nyuma kwa jiko, anamenya ndizi. Mukitaka kumusalimia, njia ni ile."

Hakuna aliyecheka. Nikasikia viti vikisogezwa, na viatu vya ngozi vikija kwenye kokoto. Alikuwa baba yake Sébastien, mtu mrefu mwenye koti la kijivu, na nyuma yake watu wawili watatu waliokuja kuona. Wanawake wakaacha kazi. Nilisimama.

"We njo baba wa Huguette?"

"Ni mi."

"Njo we ulisimama kwa posa ya kwanza, ukasema ile maneno?"

Nilimwona Dorothée akifungua kinywa kunijibia. Nikamtangulia. "Ni mi. Nilisema nikiwa na akili zangu. Ilikuwa siri yake, haikuwa yangu."

"Ile ya ugonjwa, kwetu alituambia yeye mwenyewe," akasema. "Alimwambia Sébastien siku ya kwanza. Na mi nilitaka nione baba yake ni mutu wa namna gani."

Akanyoosha mkono. Nilikunja ngumi nikampa kifundo cha mkono, kama tunavyofanya mikono ikiwa michafu, ili asiharibu koti lake. Alikiangalia kile kifundo, akakiacha. Akashuka mpaka kwenye vidole vyangu, akaukamata mkono wote, na utomvu wake.